Kuuliza Maumivu kwa Kihispania

Jumanne, 2 Aprili 1996

Bismillahi. Daftari hili nimepewa na Sista Remedios niandikie maneno ya Kihispania. Kurasa za mbele nimemwachia yeye na maneno yake. Mimi nimeligeuza nikaanzia nyuma, ambako hatafika kusahihisha, niandike yangu.

Basi wewe daftari ujue umo mikononi mwa nani. Ni Mejumaa, wa Kuze, Mombasa, mke wa Chonga fundi wa milango, umri arubaini na minane. Shule niliwacha darasa la tano. Chuoni nilihifadhi juzuu kumi. Kazi yangu ni kupiga deki na kufua mashuka katika zahanati ya masista, Tudor. Leo nilikuwa nadeki mlangoni mwa chumba cha mikutano, Sista amewakusanya wafanyakazi. Asema madaktari wa macho watakuja kutoka kwao Uhispania tarehe kumi na tatu Mei, wiki mbili, watatibu bure. Kiingereza hawajui, Kiswahili ndiyo kabisa. Yeye mwenyewe atakuwa chumba cha upasuaji kutwa. Ataka mtu wa kusimama baina ya daktari na mgonjwa. Atafundisha Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, na atakayeshika vizuri ndiye.

Walionyanyua mikono ni wawili, Nesi Beryl na Jared, karani wa kadi. Mkono wa tatu ulikuwa na kitambaa cha deki.

Jared akasema, "Mama, huku ni kwa Kihispania, si kwa sabuni."

Nikamwambia, "Na wewe kazi yako kalamu, mbona shati lina wino kuliko kadi?"

Sista akacheka, akanipa daftari.

Alhamisi, 4 Aprili

Viungo vya mwili. Jicho ni ojo, kichwa ni cabeza, mkono ni mano. Nimevisoma njia nzima kurudi nyumbani kwa sauti ndogo kama nyiradi, hata bibi mmoja pale Makadara akaniitikia amina. Nilishika adabu nikamwitikia salamu, sikumwambia kwamba alikuwa akiitikia vidole vya miguu.

Nyumbani nilimweleza mume wangu, akafurahi. Dada yake, wifi yangu Nyevu, anayekaa nasi tangu afiwe, alikuwa dirishani na kofia yake ya kushona. Hakunyanyua uso. Akasema, "Uzee huu, wifi, watu wajifunza kufa, wewe wajifunza Kihispania."

Nilimmiminia chai. Lakini ndani ya moyo niliingia jikoni nikavunja sahani mbili.

Jumatatu, 8 Aprili

Pasaka yao, zahanati imefungwa. Mvua ya kwanza ya masika. Nimeanua nguo mara tatu.

Jumanne, 9 Aprili

Leo hata sijui nianzie wapi. Chai yangu imepoa hapa kando na sina habari nayo.

Sista ameandika neno ubaoni, hay, lakini herufi ya kwanza wao hawaitamki, wasema "ai". Maana yake ni "kuna". Hay agua, kuna maji. Hay dolor, kuna maumivu. Jared akasema hilo rahisi, akafunga daftari. Sista akamwambia afungue. Mtu akikuuliza kuna maji, asema, waweza kujibu hay ukenda zako, na vijana wa siku hizi ndivyo wanavyojibu. Lakini bibi yake kijijini kwao alikuwa akijibu la hay. Hiyo "la" ni maji yenyewe, yamefanywa madogo yakawa silabi moja, yakabandikwa kwenye "kuna". Kwa kitu cha kike la, kwa kitu cha kiume lo, vikiwa vingi las na los.

Jared akauliza, "Kwani maji ni mwanamke?"

"Ndiyo. Na maumivu ni mwanamume."

"Hilo nimelisadiki bila ya kuapiwa," nikasema, na Beryl akacheka mpaka akatoka nje.

Halafu Sista akasema hapa ndipo wageni wengi wanapokwama. Maji hayo si mtendaji. Hayafanyi kitu. Ni kama kwamba mahali ndipo pamekuwa nayo, pameyashika. Akatafuta mfano wa Kiswahili akakosa, amesimama na chaki yake. Mimi nikaweka kalamu chini. Nikanyanyua mkono.

"Sista, nikenda dukani nauliza, sukari kunayo? Naye muuzaji ajibu, kunayo. Ile 'yo' ndiyo sukari yenyewe, imekaa mkiani. Nyinyi mumeiweka kichwani, sisi mkiani. La hay, kunayo. No la hay, hakunayo."

Sista akaweka chaki chini. Miaka kumi na tisa yuko Mombasa, asema, na kila siku ameuliza kunayo na kujibiwa kunayo, na hajapata kuliona. Akaniambia niseme tena. Nikasema tena. Kisha akasema wao nao huiweka mkiani pengine, wakisema huenda likawapo: puede haberlo. Tumeshikana mikono pale mbele kama watu waliokutana Makka.

Nimerudi nyumbani sioni njia kwa furaha. Yaani mimi, wa darasa la tano, nimekuwa nayo mdomoni mwangu tangu kuachishwa ziwa, na mwenyewe sikujua ninayo.

Alhamisi, 11 Aprili

Beryl ameacha, zamu zimembana. Tumebaki mimi na Jared.

Jumapili, 14 Aprili

Nimezunguka jiko zima. Chumvi, la hay. Mchele, lo hay. Vitunguu, las hay. Nazi sikuijua jinsia yake nikaiwacha. Nikamgeukia Nyevu nikamwuliza kwa Kihispania kama kuna chai kwenye birika.

Akasema, "Wifi, ukinitukana nitukane kwa lugha nitakayoweza kukujibu."

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Sista ana mafua, hatukusoma.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimekasirika. Nimetoka kazini, nimekutana na Nyevu uso kwa uso kwenye kichochoro chetu, baina yetu hatua tatu. Akanipita kama mimi ni nguzo. Nikamwita, ndipo akageuka, akasema, "A, ni wewe," kwa sauti ya mtu aliyeshikwa akiiba. Nimekaa naye miaka sita, sijamnyima kitu. Tangu nianze masomo haya hanisalimii mpaka nimsalimie. Hicho si kingine ila kiburi. Chonga aniambia nimsamehe, dada yake ndivyo alivyoumbwa. Nimeswali rakaa mbili nimsamehe, na nusu nimemsamehe.

Jumanne, 23 Aprili

Tumejifunza maswali ya daktari. ¿Hay dolor? Kuna maumivu? ¿Hay luces? Yaani waona miali, waona miduara ya rangi kwenye taa? Sista akawa daktari, Jared mgonjwa, mimi mtu wa kati. Jared alilia jicho, akalia goti, akalia mshahara. Sista akauliza kama maumivu hayo yapo kweli, nikamjibu lo hay, kwenye mshahara. Nimecheka hadi nimetubu.

Jumatatu, 29 Aprili

Idd ya pili. Jana alhamdulillahi tulichinja, tulikula, tuligawa.

Kila Idd Nyevu humshonea Chonga kofia, na kofia za Nyevu zajulikana mpaka Lamu, vitobo vyake ni kama vimetobolewa na mdudu mwenye akili. Ya mwaka huu maua yamekwenda upande. Upande mmoja yamebanana, upande wa pili yameachana kama meno ya mtoto. Mume wangu akaivaa akaenda nayo kuswali bila ya neno. Mimi nilifurahi kidogo, nakiri mbele yako daftari, kisha nikaona haya ya hiyo furaha. Nikamwuliza, "Wifi, hujambo lakini?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Macho je?"

"Kwani nimekwambia nini?"

Amejifunga leso kichwani imekaza mpaka paji la uso limeota mstari.

Jumanne, 7 Mei

Nimechaguliwa. Sista alituuliza mmoja mmoja, nusu saa kila mtu. Jared Kihispania chake ni kizuri kwenye karatasi, lakini akiulizwa hufungua daftari kwanza, na mgonjwa hatangoja daftari. Mimi nimezoea kubeba maneno kichwani, ndivyo chuoni walivyotufunza.

Nilidhani Jared atanuna. Akanifuata mahali pa kufulia, akasimama mlangoni, akasema, "Mama, wamekuchagua wewe kwa sababu unaongea sana."

"Nawe ulishindwa kwa sababu gani?"

"Kwa sababu unaongea sana."

Kisha akanibebea ndoo.

Jumatatu, 13 Mei

Wamekuja. Watano. Foleni imetoka mlangoni, ikazunguka ukuta, ikafika kwa mshona viatu. Mimi nimevaa buibui jipya, juu yake koti jeupe la zahanati, nimesimama kulia kwa Daktari Inés, mdogo wa umri, nywele za kukata, ana haraka ya mtu aliyeacha sufuria motoni. Ndiye achaguaye nani apasuliwe sasa na nani angoje mwakani, kwa sababu nafasi ni chache. Ataka majibu mafupi. ¿Hay dolor? Mimi namwuliza mgonjwa, "Kuna maumivu?" Mgonjwa ajibu, nami namgeukia, lo hay, no lo hay. Ananielewa. Ananielewa, daftari. Mara ya kwanza alipoitikia kwa kichwa akaandika nilichosema, niliichungulia kadi kutafuta neno langu.

Watu sabini kwa siku moja. Nimerudi koo limekauka, na laiti ingekuwa kesho sasa hivi.

Jumatano, 15 Mei

Nimekuwa mwepesi. Sasa sisubiri hata mtu amalize. Aanze tu "alhamdulillahi", mimi nimeshasema no lo hay, na anayefuata ameshakaa. Daktari Inés ananipiga begani, asema watu wa Mombasa hawajui kuumwa. Mzee Gunga, bawabu wa shule moja hapo karibu, aliingia ameshika ukuta, nikamwuliza kuna maumivu, akasema, "Twashukuru, mama." No lo hay. Mwakani.

Alhamisi, 16 Mei

Nilimbembeleza Nyevu siku tatu, leo Chonga amemleta. Nilikuwa najisikia kweli, nakiri. Nilitaka anione nilivyosimama pale.

Daktari akamtazama kwa taa. Akauliza kama kuna maumivu.

"Wifi, kuna maumivu?"

"Alhamdulillahi rabbil-alamin."

"No lo hay."

Miduara ya rangi kwenye taa? "Taa zetu ni nzuri, hazina neno." No las hay.

Mtoto wa jicho, akasema daktari, bado hajakomaa, jicho halina haraka, arudi mwakani. Kadi yake ikaingia sanduku la mwakani. Nyevu akainuka akasema, "Mwambie ahsante," nami nikamwambia. Akatoka ameshika bega la ndugu yake. Nimemwona akitaka kuketi hewani penye ngazi, kana kwamba pana kiti.

Jumamosi, 18 Mei

Mvua tangu alfajiri. Zahanati paa lavuja mahali pawili. Tumeendelea.

Jumanne, 21 Mei

Naandika haraka, na si kwa huzuni tu.

Leo maji yamejaa mahali pa kufulia, saa sita Sista aliniambia niende nyumbani nikalete beseni zetu kubwa. Nikaingia. Nyumba kimya. Nikamkuta Nyevu chooni, amekaa chini, ameweka paji la uso kwenye jiwe la ukuta, jiwe limelowa baridi, na mbele yake ametapika. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kama utando wa kungumanga. Hakusikia nilivyoingia.

Nikapiga magoti. "Wifi, nini?"

"Sijambo."

"Nyevu."

Akajifuta mdomo kwa leso. Kisha akasema, pole pole, kwenye lile jiwe, "Hiki kichwa chapasuka. Hushika jicho, kikashika kisogo, nikatapika, halafu huacha siku mbili tatu kana kwamba hakikuwapo. Na taa, ukiiwasha, imezungukwa na pete, nyekundu, buluu, kama pete za maarusi."

"Tangu lini?"

"Tangu Shaabani ya mwaka jana."

Nilitaka kumtikisa. "Na Alhamisi mbona ulimwambia daktari hakuna maumivu?"

Akanigeuzia uso, na hapo ndipo nilipojua hanioni, ananitafuta kwa sauti. "Mimi nilisema hakuna? Mimi nilimshukuru Mungu. Ulitaka nimwanze mzungu wa watu kwa malalamiko, hata salamu hatujapeana? Wewe ni mtu wa Kuze, wifi. Hukujua?"

Nilijua. Hilo ndilo lililoniuma. Nimejua tangu kuzaliwa. Mtu wetu ukimwuliza yu hali gani, asema sijambo kwanza, humshukuru Mungu kwanza, hata kama jeneza liko mlangoni. Ukimwuliza mara ya pili asema njema. Mara ya tatu, ukishaketi, ukishaulizia watoto, ndipo asema, "lakini hapa ubavuni." Ndivyo ninavyouliza mimi mwenyewe nikienda kumtazama jirani. Na kule Tudor siku nane nimesimama na koti jeupe, nimezipokea shukurani za watu nikazitafsiri kuwa afya. Na kichochoroni siku ile hakunipita kwa kiburi. Hakuniona.

Nilimwita Chonga karakanani kwake. Mvua ile, gari haingii kichochoroni. Akaja na mkokoteni anaobebea milango, tukamtandikia godoro, tukamfunika turubai. Nyevu akasema, "Mwanichukua kama gunia la viazi. Watu wanione."

"Hakuna mtu nje, dada," akasema Chonga.

"Basi hata wa kunipa pole hakuna."

Mimi nikatangulia mbio. Mwanamke wa umri wangu, na buibui, mbio, kutoka Kuze mpaka Tudor. Nimeingia nadondoka maji mpaka mezani kwa Daktari Inés, pana foleni, pana mgonjwa kitini. Sista alikuwa mlangoni mwa upasuaji. Nikaona nikingoja pumzi, ujasiri utakwisha. Nikasema kwa Kihispania changu kibovu, mbele ya wote, kwamba kosa ni langu, si la mtu mwingine. Watu wetu husema alhamdulillahi kwanza. Mimi nalisema hakuna maumivu, no lo hay, na maumivu yako. Puede haberlo, doctora. Yaweza kuwapo kwa kila mmoja niliyemwambia hakuna.

Daktari alinitazama. Uso wake ulibadilika rangi. Akauliza, wangapi? Sikujua. Akapiga kalamu mezani, akasema maneno ambayo Sista hakunifundisha, na sikuhitaji kufundishwa.

Aliyejibu ni Jared. Alikuwa ameshatoka na sanduku la mwakani amelikumbatia. "Thelathini na moja," akasema. "Nimeandika ya kila mtu, anakaa wapi na nyuma ya duka gani. Wengine ni hapa hapa Tudor na Mji wa Kale. Mama, usilie juu ya kadi, wino utatoka."

Nyevu akafika na mkokoteni wake. Daktari akaacha wote, akamtia ndani, akampima presha ya macho kwa ile mashine. Imepanda. Akampa dawa ya kumeza na matone. Asema jicho la kushoto limekwisha zamani, halirudi. La kulia, likitulia, atalipasua Alhamisi. Angengoja mwakani, asingekuwa na la kulia.

Madaktari waondoka Jumamosi. Mimi na Jared tumegawana kadi. Yeye Tudor, mimi Mji wa Kale. Nimepiga hodi nyumba tisa kabla ya Magharibi.

Jumatano, 22 Mei

Wamekuja ishirini na saba, pamoja na Nyevu. Wanne hatukuwapata, wawili wamesafiri Voi, wawili nyumba zao hatukuzijua. Nawaombea, na nitawaombea mpaka nisikie habari zao.

Leo kazi tumeifanya kwa njia nyingine. Nilimwomba Sista benchi, nikaliweka ukumbini, nje ya chumba cha daktari, na chai. Mgonjwa aketi nami kwanza. Hakuna koti jeupe. Hujambo, sijambo. Watoto, hawajambo. Mvua hii, ah, mvua hii. Sikuuliza maumivu hata kidogo. Nauliza, "Usiku walalia upande gani?" Nauliza, "Taa ya jirani waionaje kutoka kwako?" Nauliza, "Siku gani hukupika?" Na watu wakasema. Daftari, yaani watu wakasema mpaka chai ikaisha. Mzee Gunga huyo aliyeshukuru, kumbe miezi minne hufunga kengele ya shule kiunoni kwa kamba ili asiitafute, na hujifungia stoo akilia kichwa.

Mwanzo Daktari Inés alitoka mara mbili kutazama saa yake. Mara ya tatu alitoka akaketi kwenye benchi mwishoni, akanywa chai. Nikimaliza na mtu namgeukia, lo hay. Kati ya ishirini na saba, tisa.

Jioni nilimwambia Jared ahsante. Nilitaka pia kumwambia nilimdhania mtu wa mzaha tu, lakini akaniwahi.

"Kwetu pia, Mama. Mamangu ukimwuliza anasema yuko sawa. Inabidi umpikie, mle, muoshe vyombo, ndipo anakwambia. Nilikusikia siku zote hizo ukimkata mtu baada ya neno moja, nikafikiri labda huku Pwani mambo ni tofauti. Ningesema."

"Ningekusikia?"

"Hapana," akasema.

Alhamisi, 23 Mei

Wamempasua leo asubuhi. Chonga alikaa nje na tasbihi. Mimi nimefua mashuka yote ya wodi, na yaliyokuwa safi nayo.

Amelala. Jicho limefungwa. Hatujui.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua imekatika. Nimefika zahanati kabla ya bawabu.

Saa tatu Daktari Inés akapita wodini. Leo ndiyo siku yake ya mwisho na wagonjwa. Akasimama kwenye kitanda cha Nyevu, akafungua mdomo aulize, kisha akaufunga, akaniangalia mimi, akavuta kiti akakaa.

Nikamwambia wifi yangu, "Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za tangu jana?"

"Njema, alhamdulillahi."

"Umelalaje?"

Hapo akalishika shuka. Daktari akangoja, mikono magotini. Nyevu ni mtu hajapata kulalamika mbele ya mgeni tangu kuumbwa kwake. Kisha akaanza.

"Nimelala kama samaki wa kukaangwa, huku na huku. Jicho lafukuta. Si kama kile kichwa, kile kimekwenda, Mungu akipeleke mbali, lakini lafukuta, kama limetiwa mchanga. Mgongo. Godoro hili mmelijaza nini, makumbi ya nazi? Huyo wa kitanda cha pili akoroma tangu Isha. Chai yenu haina tangawizi wala haya. Kitambaa hiki amekifunga mtu mwenye hasira. Na nataka kwenda chooni, nimetaka tangu alfajiri, nimeona tabu kusema."

Nilitafsiri yote. Maumivu ya jicho, lo hay. Ya mgongo, lo hay. Mchanga, la hay. Kukoroma sikukujua kwa Kihispania, nikakoroma mwenyewe, na wodi nzima ikacheka, hata mkoromaji. Daktari aliandika, akaandika, akamwagiza Beryl dawa ya maumivu. Machozi yalinishuka mpaka kwenye buibui, nami naendelea, chai, tangawizi, haya.

Tukampeleka chooni, tukamrudisha. Daktari akanawa mikono, akaketi tena, akaanza kukifungua kitambaa, duru baada ya duru, polepole. Chonga alikuwa mguuni mwa kitanda. Nilimshika Nyevu mkono, naye akanishika, na kucha zake ziliniingia.

Kitambaa kikatoka. Jicho lilikuwa limevimba, lina maji. Likapepesa. Likaenda darini, likaja dirishani, likasimama hapo kidogo. Kisha likamshukia daktari, aliyekuwa karibu naye kuliko wote, likamtazama uso, likashuka mikononi, likarudi usoni.

"Wifi," Nyevu akasema, bado amelikodoa jicho lile moja, "kumbe ni kitoto hivi. Na nyinyi mkampa kisu?"

Daktari Inés akaniuliza amesema nini. Sikupunguza hata neno moja.